Subira na Mipaka Yake

Katika nasaha zote wanazopeana watu wa pwani wakati wa shida, hakuna iliyo nyepesi ulimini kuliko ile ya kumwambia mtu asubiri, wala hakuna iliyo nzito kutendwa kuliko hiyo hiyo. Mfiwa huambiwa asubiri kabla udongo wa kaburi haujakauka. Aliyefilisika huambiwa asubiri na wale wale wanaomdai. Mgonjwa huambiwa asubiri na mganga aliyekwisha ishiwa na dawa. Na mwenye kudhulumiwa huambiwa asubiri na yule aliyemdhulumu. Kwa kuwa nasaha hii hutumiwa kila mahali na kila mtu, imekuwa vigumu kutambua, inapotolewa, kama mtu anapewa dawa au anafumbwa kinywa. Nia ya makala haya ni kulitazama suala hilo kwa pande zake zote: ni kitu gani kinachomwezesha mja kustahimili dhiki asivunjike, ni kitu gani kinachomhuisha hata akaweza kuanza tena baada ya kupoteza, na ni wakati gani uvumilivu huacha kuwa fadhila ukageuka kuwa unyonge.

Methali zetu zenyewe, ambazo ndizo baraza la kwanza la busara ya Waswahili, hazikupatana katika jambo hili. Subira huvuta heri, husema moja. Ngojangoja huumiza matumbo, hujibu nyingine. Mstahimilivu hula mbivu, twaambiwa. Kisha twaonywa kwamba mwenye kuchelewachelewa atamkuta mwana si wake. Kamba hukata jiwe papo kwa papo, walakini jitihada haiondoi kudura. Msomaji mwenye haraka angeweza kudhani kwamba wazee walijisahau wakavunja leo waliyoyajenga jana. Lakini mwenye kutafakari ataona kwamba kila methali ilitungwa kwa hali yake, na kwamba zote pamoja huuliza jambo moja ambalo hakuna hata moja inayoweza kulijibu peke yake, nalo ni jambo la kipimo: mtu angoje kiasi gani, hadi lini, na kwa manufaa ya nani. Rai yangu ni kwamba humo ndimo ulimo ufunguo wa suala zima. Dhiki isiyo na mpaka humla mtu. Na subira ya kweli ni ile kazi ya kuiwekea dhiki mpaka, uwe mpaka wa siku, au wa mahali, au wa shughuli iliyo mkononi, ili moyo upate penye kusimama.

Maulamaa wa Kiislamu, ambao vitabu vyao vilidurusiwa katika misikiti ya Lamu, Mombasa na Unguja vizazi kwa vizazi, waliigawa subira mafungu matatu: subira ya kudumu katika yaliyoamrishwa, subira ya kujizuia na yaliyokatazwa, na subira ya kupokea misiba iliyokadiriwa. Mgawanyo huu unastahili kuzingatiwa zaidi ya tunavyouzingatia aghalabu, maana mafungu mawili katika hayo matatu ni ya kutenda na kujitawala, na ni fungu moja tu lililo la kupokea. Anayeamka alfajiri kwenda kondeni ilhali mavuno ya mwaka jana yalimtupa, huyo anasubiri. Na anayeuzuia mkono wake usimpige mwanawe katika ghadhabu ya umaskini, huyo naye anasubiri. Sisi tumelishika fungu la tatu tukalifanya ndilo lote, hata mtu akisikia habari ya mwenye subira, mara humwona mtu aliyeketi kimya na mikono mapajani. Wala hivyo sivyo visa vya mitume vinavyotufunza. Nabii Yakubu, ambaye hutajwa kila penye mazungumzo haya, alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakaingia weupe. Lakini mzee huyo huyo, katika kilele cha huzuni yake, aliwaagiza wanawe waondoke wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasiikatie tamaa rehema ya Mola. Alilia, na katika kulia kwake alituma watu njiani.

Mfano wa mwanachuoni mwenyewe aliyepatwa na dhiki ya ndani, ambayo haikuletwa na njaa wala vita, ni ule wa Imamu Ghazali, ambaye kitabu chake kikubwa, Ihya, kina mlango mzima wa subira na shukrani. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya huko Baghdad. Hajatimiza miaka 40, wanafunzi kwa mamia wanamsikiliza, na mawaziri wanamstahi. Katika enzi hiyo akaanza kuishuku nia yake mwenyewe, kwamba yumkini elimu anayoifundisha anaifundishia jaha na jina, na kwa muda wa karibu miezi 6 akawa hajui afanye nini, akiazimia kuondoka asubuhi na kulivunja azimio lake jioni, mpaka ulimi wake ukafungika, akawa hawezi kutamka neno mbele ya wanafunzi wala kumeza tonge la chakula. Matabibu walipomtazama walikiri kwamba maradhi yameanzia moyoni, na kwamba dawa haitafaa maadamu moyo haujapata raha. Hapo aligawa mali yake, akabakiza ya kuwatosha watoto wake, akaondoka. Akakaa itikafu Damascus katika mnara wa msikiti mkuu, akazuru Baitul Mukaddas, akaenda Hijaz kuhiji, wala hakurudi kushika kazi ya ualimu mpaka mwaka 1106, huko Nishapur, baada ya miaka iliyokaribia 11.

Kisa hiki kina mafunzo mawili ambayo si rahisi kuyaweka pamoja. La kwanza ni kwamba, lau angeng'ang'ania kiti chake kwa kuwa kuacha ni aibu, ung'ang'anizi huo ungekuwa ukaidi, wala usingestahili jina la subira. Kwani alichokuwa akikivumilia ndicho kilichokuwa kikimwua. La pili ni kwamba kuondoka kwake hakukuwa kukimbia. Alikwenda kwenye kazi nzito kuliko aliyoiacha, na aliporudi kufundisha alieleza mwenyewe kwamba, ingawa kwa macho ya watu alikuwa amerejea alikotoka, hakuwa amerejea, maana zamani alifundisha elimu inayovuta jaha na sasa anafundisha ile inayoifanya jaha iachwe. Kuhuika upya, basi, hakumrudishii mtu hali aliyokuwa nayo kabla ya kuanguka. Anayengoja arudishiwe siku zake za jana zilivyokuwa, atangoja milele.

Si kila mtu, hata hivyo, anayeweza kuigawa mali yake akashika njia ya Sham. Kwa watu wa kawaida kazi ya kuiwekea dhiki mpaka ilifanywa na mila, na hapa pwani hakuna mila iliyotimiza wajibu huo kwa ustadi kuliko matanga. Msiba unapoingia nyumbani, jiko la wafiwa haliwashwi. Chakula hutoka kwa jirani, sinia la wali limefunikwa kawa, na mwenye kulileta halitui kwa maneno mengi. Wanaume huketi nje barazani juu ya majamvi, wanawake hukaa ndani mikekani pamoja na waliofiliwa. Kila aingiaye hutoa mkono wa taazia, husoma Fatiha, na mwenye uwezo huacha ubani mikononi mwa mtu mzima wa nyumba, kimya kimya, maana sanda imenunuliwa na gharama bado zipo. Kahawa chungu hupita katika vikombe vidogo. Mazungumzo ya barazani hayamhusu maiti peke yake. Watu hutaja bei ya samaki, hutaja mvua, hutaja mashua iliyochelewa, na mgeni asiyeijua mila angedhani wamemsahau marehemu, kumbe wanamfanyia mfiwa hisani ya kumzungushia maisha ya kawaida pale alipo, mpaka yeye mwenyewe apate nguvu ya kutia neno lake. Siku ya tatu husomwa hitima, majamvi hukunjwa, na matanga huwa yameondolewa.

Mjane yeye hupewa muda mrefu zaidi. Eda yake ni miezi 4 na siku 10, isipokuwa kama ana mimba, na katika muda huo hajipambi, hajitii manukato, hatii wanja wala hina, wala hachumbiwi. Wako waliolitazama jambo hili kwa jicho la kufungwa tu, wakasema kwamba mwanamke anaadhibiwa kwa kufiwa. Na pale ambapo mila imezidishwa ukali kupita sheria, au ambapo mjane amenyimwa riziki na haki yake ya mirathi, lawama hiyo ina msingi. Lakini yapo mambo mawili ndani ya eda ambayo wenye kuilaumu huyapita haraka. Muda huo unamlinda mjane na wale ambao wangemwambia, baada ya wiki 2, kwamba amelia vya kutosha. Na siku ya kutoka kwake, anapooga, akavaa nguo nzuri, akajifukiza udi, unamlinda na wale ambao wangetaka aonekane na majonzi maisha yake yote. Mpaka una pande mbili: hapana mwenye haki ya kuufupisha, wala hapana mwenye haki ya kuurefusha. Moyo wa mjane yawezekana haukupoa katika siku hizo, wala hakuna aliyedai kwamba hupoa kwa hesabu. Ila mlango wa kurudi katika maisha umefunguliwa hadharani, na akipita hakuna atakayemwita mwepesi wa kusahau.

Hata chuki na kinyongo, ambavyo ni aina ya dhiki inayochoma taratibu, vilipewa siku yake. Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila mwaka mwezi wa Julai huadhimishwa Mwaka Kogwa, mwanzo wa mwaka wa jadi wenye asili ya Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi. Wanaume wa pande mbili huingia uwanjani wakapigana kwa vigogo vya migomba, wanawake huku wakiimba na kutupiana vijembe, na baadaye kibanda cha makuti hutiwa moto. Mgomba ni laini, haumvunji mtu mfupa. Lakini hasira iliyotokana na mpaka wa shamba au maneno ya kisimani hutoka nayo, na mwaka mpya huanza bila ya mzigo wa mwaka uliopita. Mwenye kuicheka mila hii na ajiulize kwanza yeye anacho kitu gani badala yake.

Kutoka kwenye mila za jamii tuwaendee watu mmoja mmoja, ambao historia imetuhifadhia habari zao. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mke wa Bwana Mataka, sheikh wa Siyu katika kisiwa cha Pate, yule aliyempinga Sayyid Said wa Unguja kwa silaha. Mumewe alifariki mwaka 1856. Ilipofika mwaka 1858, Mwana Kupona mwenyewe alikuwa mgonjwa, na maradhi yake yalikwisha timiza mwaka mzima. Hapo ndipo alipomwita binti yake, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi, akamtungia utenzi wa wasia ambao hadi leo husomwa. Mengi yamesemwa kuhusu mafunzo ya utenzi huo, na wanawake wa leo wanayo haki ya kuyajadili yale yanayohusu utii wa mke kwa mume. Mimi nataka tuitazame hali ya mtunzi tu. Mjane, mgonjwa, katika nchi iliyochoshwa na vita, hakuyashika yote yaliyomshinda. Alichagua jambo moja ambalo maradhi yalikuwa hayajamnyang'anya, yaani elimu na ulimi wake, na mtu mmoja ambaye angefaidika, yaani bintiye. Baada ya kumaliza nasaha, akageukia dua, akimwomba Mungu afya. Ule mpangilio ni wa kutazamwa: kazi iliyowezekana aliitenda, na lisilokuwa katika uwezo wake alilikabidhi kwa mwenye uwezo nalo. Wengi wetu hugeuza mpangilio huo, tukaomba dua juu ya kazi iliyotupasa kuifanya, na kujihangaisha juu ya yale yaliyo ya kuombewa dua.

Siti binti Saad alitoka daraja nyingine kabisa. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti alivibeba vyungu akavitembeza akivinadi kwa sauti. Mwaka 1911, akiwa mtu mzima wa miaka 30 na ushei, alihamia mjini. Akafunzwa uimbaji na wanamuziki wa huko, akaingia katika kikundi cha taarabu, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri ambazo zilisikilizwa pwani nzima. Alichekwa kwa asili yake, akachekwa kwa sura yake, na alipofariki mwaka 1950 wale waliomcheka walikuwa wamesahauliwa. Tukiuliza ni nini kilichomwinua, jibu la kawaida litakuwa kipaji. Lakini kipaji alikuwa nacho siku zote alipokuwa akitembeza vyungu. Kilichoongezeka ni mahali pengine, kazi yenye nidhamu, na watu wa kusimama naye: wapigaji ambao walimjua, ambao walimngoja jioni, na ambao mbele yao ilikuwa aibu kutofika. Mtu aliye peke yake huvunja ahadi aliyojiwekea mwenyewe bila ya shahidi. Aliye na wenziwe hufika hata siku ambayo moyo haukutaka, na aghalabu ndiyo siku ambayo moyo ulihitaji zaidi kufika.

Hapo tulipofika twaweza kuyapima haya kwa msiba wa nchi nzima. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na minazi sehemu kubwa ya kisiwa, ikavunja nyumba, ikazamisha majahazi bandarini na merikebu za Sultani. Sayyid Barghash alikuwa hajatimiza hata miaka 2 ya utawala. Yeye mwenyewe alikwisha onja kuanguka: mwaka 1859 alimwasi nduguye Majid, akashindwa, akahamishiwa Bombay, na alipopata kiti mwaka 1870 alikuja na mambo aliyoyaona kule, hata akauletea mji maji safi kwa mabomba na kujenga Beit al-Ajaib. Baada ya tufani mikarafuu ilipandwa upya. Na kwa kuwa mkarafuu hungojwa miaka kadhaa kabla haujatoa mavuno ya maana, kupanda kwenyewe kulikuwa tendo la kuamini siku ambazo mpandaji hana hakika nazo. Pemba, ambayo tufani haikuidhuru sana, ilipanda kwa wingi zaidi, ikawa tangu hapo ndiyo kisiwa cha karafuu. Hiki ndicho kisa tunachopenda kukisimulia tunapotaka kutoa mfano wa nchi iliyoanguka ikainuka.

Lakini mwenye uadilifu hawezi kukiachia hapo, bila ya kuuliza ni mikono ya nani iliyoyachimba mashimo ya miche hiyo. Ilikuwa mikono ya watumwa. Mwaka 1873, mwaka mmoja tu baada ya tufani, soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba uliotiwa saini kwa shinikizo la Waingereza. Lakini waliokwisha kuwa mashambani walibaki mashambani, na ule uvumilivu unaosifiwa kwa jina la kisiwa ulikuwa jasho la watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kuvumilia. Wao nao waliambiwa wasubiri. Sheria ya tarehe 6 Aprili 1897 iliufuta utumwa mbele ya mahakama, ila ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kuudai uhuru wake, na masuria hawakuingizwa katika haki hiyo mpaka mwaka 1909. Hapa ndipo kipimo chetu kinapofanya kazi. Mwenye shamba aliyengoja mkarafuu uzae alikuwa na mpaka: alijua ni miaka mingapi, alijua mazao yatakuwa ya nani, na alikuwa na hiari ya kupanda au kutopanda. Mtumwa hakuwa na lolote katika hayo matatu. Kuziita hali hizo mbili kwa jina moja la subira ni kuisaidia dhulma kujificha nyuma ya fadhila.

Na tazama walivyofanya wenyewe walipopata nafasi. Bara ya Mombasa, watoro walijenga vijiji vyao, kama kile cha Fuladoyo, hata kabla ya sheria yoyote kuwafikia. Kwao kustahimili kulikuwa kulala porini, kulima kwa hofu, na kukesha wakilinda. Unguja, baada ya 1897, wanawake waliokuwa wamevishwa kaniki, ile nguo nyeusi ya bei rahisi iliyomtambulisha mtumwa na fukara, waliivua wakavaa kanga za rangi na michoro, wakazichagulia majina, wakahamia Ng'ambo na kujichumia. Mtu asione kwamba kubadili vazi ni jambo dogo. Aliyezoeshwa kujiona kwa macho ya bwana wake, akisimama dukani akachagua mwenyewe nguo atakayoonekana nayo, amekwisha anza kujihuisha kwa kitendo kilicho ndani ya uwezo wake siku hiyo hiyo, kabla hajapata shamba, wala nyumba, wala hukumu ya kadhi.

Shaaban Robert, aliyeuandika wasifu wa Siti, anatupa sura ya mwisho ya jambo hili, na pengine ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya msomaji wa leo. Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, na tangu mwaka 1926 alikuwa karani katika idara za serikali ya kikoloni, kwenye utumishi ambao cheo cha Mwafrika kilikuwa na dari lake. Alifiwa na mkewe Amina, akamtungia shairi la maombolezo. Akawatungia wanawe tenzi za wasia. Na hadi anafariki mwaka 1962 alikuwa ameacha vitabu vya mashairi, hadithi na insha ambavyo vimeijenga lugha hii kuliko kazi ya mtu mwingine yeyote wa zama zake. Hakuacha ukarani ili awe mwandishi, kama Ghazali alivyoacha kiti chake. Aliuchukua ukarani kuwa ni jambo lenye saa zake, na kalamu ikawa na saa zake, wala hakuiruhusu dhiki ya upande mmoja ijaze pande zote mbili. Huzuni nayo aliifanyia vivyo hivyo. Shairi lina idadi ya mizani, lina vina, lina beti zinazokwisha; mwenye kulia ndani yake hulazimika kuyachagua machozi yake, na akifika ubeti wa mwisho hupumua. Hii ndiyo sababu watu wa pwani, tangu Mwana Kupona hadi leo, wanapozidiwa hutafuta kutunga, au kusoma dua iliyotungwa na mwingine: kanuni ya utungo hubeba sehemu ya mzigo ambao moyo umeshindwa kuubeba.

Yafaa kukiri kwamba yote haya yana ukomo. Iko simanzi ambayo haitokani na msiba wowote unaojulikana, au iliyoanza kwa msiba ikabaki baada ya kila aliyekuwepo kuondoka: mtu halali, hali, haoni ladha ya kitu, huamka amechoka kuliko alivyolala, na hata watoto wake humwonekea kwa mbali. Siku hizi madaktari huiita ugonjwa wa sonona, na matabibu wa Baghdad, kama tulivyoona, hawakuwa mbali na kuutambua. Kumwambia mwenye hali hiyo kwamba subira huvuta heri ni kumwongezea hatia juu ya ugonjwa, kwani atajiona ameshindwa na jambo ambalo kila mtu mwingine, kwa dhana yake, analiweza. Huyu ahitaji tabibu, dawa au mazungumzo ya mwenye ujuzi, na jamaa wa kumsindikiza hospitali bila ya kumwonea haya. Dini zetu hazikumkataza mgonjwa kutafuta dawa; lililokatazwa ni kukata tamaa, na kwenda kutibiwa ni moja katika njia za kutokata tamaa.

Aidha upo umaskini, ambao ni dhiki isiyokwisha kwa hitima ya siku ya tatu. Mama anayeuza maandazi ili walau watoto wale mara moja kwa siku hawezi kuambiwa atafakari kuhusu moyo wake. Na kama tumejifunza jambo kutoka kwa akina mama wa aina hiyo, ni kwamba wao wamekwisha gundua kwa akili zao ule mpaka tunaouzungumzia. Upatu ni nini kama si huo? Watu 10 wakitoa fungu moja kila wiki na kumpa mmoja wao kwa zamu, mapato yao hayakuongezeka hata kwa senti. Kilichopatikana ni tarehe. Aliyekuwa akiishi katika umaskini usio na mwisho sasa ana wiki yake inayojulikana, ambayo atanunua cherehani, au kulipa ada, au kuezeka upya. Na maadamu tarehe hiyo ipo, siku zilizo kabla yake zinavumilika, na wenziwe 9 wana sababu ya kumwuliza hali kila wiki. Hapo mna muda maalumu, mna kazi ndogo inayowezekana, na mna wenzi. Ndizo nguzo zile zile tulizozikuta katika matanga, na kwa Siti, na ndani ya utenzi wa Mwana Kupona.

Basi tukiyakusanya yote, twaweza kuzitenga dhiki mafungu matatu kwa namna zinavyotaka kukabiliwa. Iko dhiki iliyokwisha pita na haiwezi kurudishwa nyuma, kama kifo. Hiyo hupokewa, hupewa siku zake, na mwenye nayo hurudishwa kwa watu kwa heshima. Iko dhiki inayoendelea ambayo mtu anaweza kuikata vipande, kama maradhi marefu, madeni na kazi isiyopendeza. Hiyo hutafutiwa jambo dogo la kila siku na saa ambazo haina ruhusa ya kuingia. Na iko dhiki ambayo mtu amefanyiwa na mtu, au amejifanyia mwenyewe kwa kung'ang'ania kisichofaa; hiyo haistahiki kustahimiliwa ila kwa kadiri ya muda unaohitajika kujiandaa kuiondoa. Makosa makubwa tunayoyatenda katika maisha hutokana na kuzichanganya: kupigana na kifo kana kwamba ni dhulma, na kuipokea dhulma kana kwamba ni kifo.

Na kama subira ni kazi, haiwezi kuwa kazi ya mwenye kuteseka peke yake, kwa sababu yeye ndiye aliye dhaifu kuliko wote siku hiyo. Majamvi ya matanga hutandikwa na majirani, fungu la upatu hutolewa na wenzi, na wino wa Mwana Kupona uliletwa na binti yake. Kwa hiyo anayemwambia mwenziwe asubiri amejitia deni: na aseme hadi lini, na aseme yeye atashika upande gani wa mzigo katika muda huo. Akiwa hana jibu kwa mawili hayo, ni afadhali anyamaze, alete sinia la chakula, na aketi.